Niliacha Chuo, Halafu Nikaandikia Watu Wengine Kazi za Chuo

Wasee, hii stori nimejaribu kuifanyia video mara mbili na mara zote mbili nimefuta. Kwa video uso unanisaliti. Wacha niiandike tu, mwenye kusoma atasoma.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Hiyo nimesema mara nyingi, hata nimeifanyia utani, na ile klipu yangu ya "digrii ni karatasi tu" ndiyo ilileta wengi wenu hapa. Kile sijawahi kusema ni kile nilifanya baada ya hapo. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa naandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo, kwa pesa. Yaani mimi, msee wa kusema digrii ni karatasi, nilikuwa nalipa kodi ya nyumba kwa kuwatengenezea wengine hizo karatasi.

Kuna wengine hapa mnaijua hii kazi vizuri kuniliko. Unakuta bedsita moja, vijana watatu, laptopu tatu, chai ya rangi na mkate, saa tisa usiku hakuna mtu amelala kwa sababu kule kwa mteja ndio jioni. Mwenye akaunti anapokea oda, anakata yake, anakupatia kilichobaki. Mimi nilikuwa nalipwa shilingi 300 kwa ukurasa. Ukichelewa unakatwa. Mteja akilalamika unaandika upya bure. Jina lako haliko popote.

Nilianza nikidhani ni kazi ya kuchapa haraka na kujua kupanga maneno ya Kiingereza. Wiki ya kwanza ilinionyesha maajabu. Jumatatu oda ni ya figo, jinsi zinavyochuja damu. Jumanne ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Jumatano ni kwa nini watu maskini hawawekezi. Alhamisi mtu anataka kurasa sita kuhusu tembo. Ijumaa ni nesi mwanafunzi anataka mpango wa kumtunza mgonjwa wa kisukari. Kila kazi inataka usome makala kama nane za watafiti, na haziko kwa lugha ya kawaida, ziko kwa ile lugha ya kukufanya ujihisi mjinga.

Sasa niwaambie kitu kuhusu chuo nilichoacha. Pale, utafiti nilifundishwa kama fomu. Sura ya kwanza ni utangulizi na tatizo. Sura ya pili ni nani alisema nini. Sura ya tatu ni mbinu, na hapo unachagua hojaji kwa sababu kila mtu anachagua hojaji. Herufi saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari. Mhadhiri anaangalia pambizo kwanza. Wale wa mwaka wa nne walikuwa wanaenda sokoni kuuliza mama mboga watano maswali ishirini, wengine hata hawaendi, wanajijazia wenyewe hosteli. Nikaona kama hii ndiyo elimu ya juu, basi juu hakuna kitu. Hiyo ilikuwa sababu moja ya kuacha. Nyingine ilikuwa karo, deni lilikuwa limefika mahali hata siwezi kulitaja nyumbani. Lakini mathe nilimwambia masomo yamenishinda. Ilikuwa rahisi kusema mimi ndiye mbaya kuliko kumfanya auze kitu.

Kwa hivyo fikiria mshangao wangu. Mtu ambaye amekimbia utafiti anakaa usiku kucha akisoma utafiti, na anaona kila watu wana njia yao tofauti kabisa ya kutafuta ukweli.

Chukua mfano wa minyoo. Nilipata oda ya uchumi, nikaanza kusoma, nikakuta makala imetajwa kila mahali, na inahusu Busia. Busia hii yetu. Mwaka wa 1998 mradi ulianza kwa shule 75 za msingi. Wachumi wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, walitaka kujua kama kuwapa watoto dawa za minyoo kunawafanya waje shule zaidi. Shule zikagawanywa makundi matatu, moja likapata dawa kwanza, lingine mwaka uliofuata, la tatu baadaye. Kwa sababu nani anaanza haikuchaguliwa kwa kupendelea, ungeweza kulinganisha. Makala yao ilitoka 2004 ikisema utoro ulishuka kwa karibu robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidika kwa sababu minyoo ilipungua mtaani. Kremer, ambaye alikuwa amewahi kufundisha Kakamega akiwa kijana, alikuja kushinda tuzo ya Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa utafiti wa namna hii.

Lakini si hapo iliisha. Mwaka wa 2015 watafiti wengine wa London walichukua data ileile, wakairudia hesabu, wakasema kuna makosa na matokeo mengine hayasimami vile yalivyosemwa. Wenye makala wakajibu. Wakabishana wazi, namba kwa namba. Mimi nilikuwa nimezoea mabishano ya mtaani ambapo mwenye sauti kubwa ndiye anashinda. Hapa niliona watu wanapigana lakini wote wameweka karatasi mezani, na yeyote anaweza kuangalia. Nilikaa na hiyo kitu hadi dedilaini ikanipita. Nikakatwa mia moja.

Ile ya tembo ilikuwa tofauti kabisa. Hakuna mtu anaweza kumpa tembo hojaji. Wenyeji walikuwa wakisema kwamba tembo hupisha mti wenye nyuki. Sasa utajuaje? Mtafiti anaitwa Lucy King na wenzake walichukua spika, wakarekodi sauti ya nyuki waliokasirika, wakawachezea tembo waliokuwa wamepumzika kivulini. Wengi waliondoka mbio. Ukicheza kelele nyingine ya kawaida, hawaondoki hivyo. Kutoka hapo ikaja ua la mizinga, mizinga imening'inizwa kwa waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, tembo anarudi kwao. Upande wa Sagalla karibu na Tsavo wakulima wanalinda mahindi hivyo, na wanauza asali juu. Swali la kwanza lilikuwa neno la mzee kijijini. Kilichoongezwa ni spika na subira.

Halafu kuna wale wa historia. Hawa ndio nilikuwa nawadharau zaidi, nilidhani kazi yao ni kukariri tarehe. Siku moja nikapata oda kuhusu historia ya Afrika isiyoandikwa, nikakutana na Bethwell Ogot. Huyu alienda kusomea udaktari London wakati ambapo wakubwa wengi wa historia waliamini kama hakuna maandishi hakuna historia. Yeye akaamua ataandika historia ya Wajaluo kwa masimulizi ya wazee. Hakuchukua stori ya mzee mmoja akaamini. Alilinganisha koo na koo, vizazi na vizazi, pale wanakubaliana na pale wanakataana, na kwa nini mtu angetaka kudanganya hapo. Kitabu kilitoka 1967. Alipofariki Januari 2025 nilikuwa kwa matatu, nikaona habari kwa simu, na msee kando yangu akaniuliza ni jamaa yako? Nikasema hapana, nilimwandikia mtu kurasa tano kumhusu. Hakunielewa, na sikueleza.

Mnaona vile hivi vitu havifanani? Mchumi anagawanya shule. Wa wanyama anacheza sauti anangoja. Wa historia anasikiliza wazee kumi na anatafuta mahali stori zinagongana. Wote wanaitwa watafiti. Wangari Maathai, ambaye sisi tunamjua kwa miti, udaktari wake wa 1971 aliupata kwa kuchunguza jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua tumboni. Ng'ombe! Nilicheka peke yangu saa kumi asubuhi. Lakini ukifikiria, mtu aliyefundishwa kutazama kitu kidogo kwa makini miaka mingi, si ajabu akatazama mto umekauka akauliza kwa nini.

Sasa nifike kwa ile oda iliyonivunja.

Ilikuwa maneno 1,500, mwanafunzi wa Marekani, somo la akiolojia. Mada ilikuwa mazishi ya kale zaidi ya binadamu, na mfano wa lazima ulikuwa Panga ya Saidi, Kenya. Nikasimama kuandika. Mama yangu ni wa Kilifi. Hawe, nyanya yangu mzaa mama, bado anaishi huko, upande wa bara kidogo kutoka baharini. Panga kwa lugha yao ni pango. Nilikuwa nimesikia hilo jina nikiwa mtoto, likizo, kama mahali ambapo hatuendi kucheza. Na hapa kuna msee ng'ambo analipa nimweleze.

Nikasoma. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba pale 2010. Mwaka wa 2013 wakaona vipande vya mfupa. Mifupa ilikuwa dhaifu sana, ukiigusa inageuka unga. 2017 shimo lote likaonekana. Hawakuweza kuitoa mmoja mmoja, kwa hivyo waliufunga udongo wote pamoja na mifupa kwa plasta, kama mguu uliovunjika, wakaubeba hadi Nairobi, halafu ukapelekwa kituo cha utafiti Burgos, Hispania. Huko wakaanza kuona meno. Meno ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili na nusu hivi, hajafika mitatu.

Sasa angalia watu walioitwa kwa huyu mtoto mmoja. Wa meno, kujua umri. Wa picha za eksirei zinazoona ndani ya udongo bila kuuvunja, kujua amelala vipi. Wa kemia na darubini, kuangalia udongo wa ndani ya shimo na wa nje, na kusema shimo lilichimbwa makusudi na mwili ulifunikwa mapema. Halafu kuna wale wa kupima miaka kwa mchanga, ambao kwangu ni kama wachawi. Punje ya mchanga ikifunikwa gizani inaanza kukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka kwa udongo ulioizunguka, na ukiiamsha maabara inatoa mwanga, na huo mwanga unakuambia imekaa gizani muda gani. Jibu likawa kama miaka 78,000. Makala ikatoka Mei 2021 kwa jarida la Nature. Ndiyo mazishi ya binadamu ya zamani zaidi yanayojulikana Afrika. Yapo ya kale zaidi Israeli, kwa mapango ya Qafzeh na Skhul, lakini Afrika ni haya. Wakampatia jina. Mtoto. Kwa Kiswahili, hivyo tu.

Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya juu ilikuwa imekaa kama mtu aliyefungwa kwa kitu, labda ngozi au majani. Na kichwa kilikuwa kimelegea kwa namna inayoonyesha kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu ambacho kilioza. Kama mto.

Niliandika ile kazi nikamaliza saa kumi na moja. Mteja alipata A. Mimi nikalipwa 1,800. Lakini sikulala. Ilipofika saa moja nikampigia Hawe.

Nikamuuliza kama anaijua Panga ya Saidi. Akaniuliza nani ananitafutia shida asubuhi hivi. Nikamweleza polepole, kwa Kiswahili changu cha Nairobi ambacho yeye hukicheka. Mtoto. Miaka elfu sabini na nane. Hiyo namba haikumshtua hata kidogo. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Alilazwaje?"

Nikamwambia. Ubavu, magoti yamekunjwa, amefungwa kwa kitu, kichwa kimewekewa kama mto.

Akanyamaza hadi nikadhani kredo imeisha. Hawe alizika mtoto wake wa pili akiwa na miaka miwili, mkubwa wa mama yangu. Hiyo mimi niliijua kama tu mnavyojua vitu vya familia, haizungumzwi. Halafu akasema:

"Basi alikuwa na wenyewe, huyo."

Wasee, nilikuwa nimesoma makala zaidi ya ishirini usiku ule. Zilikuwa zinazunguka hicho kitu, zinatumia maneno marefu sana kuuliza kama watu wa wakati ule walikuwa na uchungu wa kufiwa, kama walikuwa na fikra za ishara. Hawe amefika kwa maneno matano. Lakini pia, na hii ni muhimu, Hawe asingejua bila wale. Bila mtu wa meno na mtu wa mchanga na mtu wa kemia, hakuna mtoto, hakuna mto, kuna udongo tu ndani ya pango. Wao walimletea ushahidi, yeye akausoma.

Kisha akauliza, "Na hii yote imeandikwa wapi, mbona sisi hatukuambiwa?" Nikakosa jibu. Ilikuwa kwa habari, ndiyo, lakini kwa Kiingereza, na yale majarida yenyewe mengi yanataka ulipe pesa ndiyo usome makala moja. Na mtu aliyekuwa na muda wa kumweleza, mjukuu wake mwenyewe, alikuwa ameuza maelezo kwa mtu wa ng'ambo kwa shilingi 1,800.

Mnadhani niliacha siku hiyo? Zii. Kodi ilikuwa tarehe tano.

Kilichonisimamisha kilikuja mwaka mmoja baadaye. Nilikuwa na mteja mmoja wa unesi, simjui jina, namjua kwa namba ya oda. Kwa miezi nilimfanyia kila kitu: mipango ya wagonjwa, maswali ya dawa, zile hesabu za dozi ambapo unaambiwa mgonjwa ana kilo kadhaa, dawa iko miligramu kadhaa kwa mililita, utampa ngapi kwa saa. Nilikuwa nimezifanya hizo hesabu hadi nikawa mkali.

Mathe akaugua, nimonia, akalazwa. Nikakaa naye usiku. Nesi akaja kuweka dawa kwa dripu. Akachukua kalamu, akaandika hesabu nyuma ya karatasi. Akaifanya. Akaifanya tena. Kisha akamwita mwenzake akamwonyesha, yule mwingine akaifanya upya, wakakubaliana, ndipo akaweka. Mimi nilikuwa naangalia kwa bega lake na nilijua jibu kabla hajamaliza, kwa sababu swali kama hilohilo nilikuwa nimelitatua wiki iliyopita, kwa ajili ya mtu ambaye siku moja atasimama kando ya kitanda cha mama wa mtu.

Yule nesi wa pale wodini alikuwa ameifanya hesabu mara mbili. Yule wangu hajawahi kuifanya hata mara moja. Mimi ndiye nilihakikisha hivyo.

Ningependa kuwaambia nilifunga laptopu usiku ule. Niliendelea wiki tatu, nikakataa za unesi tu, kama mtu anayeacha sigara kwa kubadilisha aina. Halafu nikaacha zote. Na niseme ukweli mwingine, kufikia hapo ChatGPT ilikuwa imekuja na oda zilikuwa zimepungua sana, kwa hivyo msinipatie medali.

Sasa kwa nini naandika leo? Kwa sababu ya sista yangu Kadzo.

Kadzo alimaliza kidato cha nne 2024. Amepata alama nzuri kuniliko. Wakati wa kuchagua kozi akasema anataka akiolojia na historia. Mathe, ambaye alipona na sauti yake ikapona pia, akamuuliza kama anapanga kula mifupa. Anataka achukue ualimu au unesi, kitu kinachoeleweka. Wakabishana wiki nzima. Mwishowe mathe akatoa silaha yake ya mwisho, akasema: "Hata kaka yako anasema kwa simu digrii ni karatasi tu. Basi kama ni karatasi, chukua ile yenye mshahara."

Klipu yangu, wasee. Ile klipu yenu mnayoipenda. Nikaisikia ikitoka kwa mdomo wa mama yangu, ikimfungia sista yangu mlango.

Kwa hivyo nikaenda nyumbani, nikawakalisha wote wawili, nikasema kila kitu. Bedsita, oda, pesa, nesi, Mtoto, simu ya Hawe. Nikawaeleza pia kile nilijifunza kwa ile shule yangu ya usiku isiyo na cheti, na ninyi nawaambia hivyohivyo.

Cha kwanza, usichague kozi kwa jina, chagua kwa ushahidi unaoweza kukaa nao miaka. Kuna watu wanaweza kukaa na mifupa. Wengine na namba. Wengine na wagonjwa, wengine na maneno ya wazee. Sayansi na historia si ngazi ambapo mmoja ni mwerevu na mwingine ni wa waliokosa alama. Ukitaka kuamini, angalia ule utafiti wa 2023 wa chembe za urithi za Waswahili wa kale, mifupa ya watu 80, wengi wao kutoka makaburi ya pwani, pamoja na Mtwapa na Manda. Mwanaanthropolojia wetu Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Kwa miaka mingi wengine walisema miji ya Waswahili ilijengwa na wageni, wengine wakasema stori za asili ya Shirazi ni majigambo tu. Maabara ikaonyesha kwamba karibu mwaka 1000 wanawake wa Kiafrika na wanaume, wengi wao kutoka Uajemi, walianza kuzaa pamoja. Lakini namba za maabara hazisemi walikutana vipi na nani alikuwa na sauti nyumbani. Ili uelewe unahitaji mtu wa historia, mtu wa lugha, mtu wa ujenzi wa mawe. Hakuna aliyetosha peke yake.

Cha pili, karatasi si kitu, lakini kile mtu alifanya ili aipate ni kitu. Hapo ndipo nilikosea kwa ile klipu. Kamoya Kimeu alisoma shule ya msingi tu, akaanza kuchimba na akina Leakey 1960. Agosti 1984 kule Nariokotome, Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu katikati ya kokoto nyeusi ambazo wengine wangepita juu, na hapo likatoka karibu gofu zima la kijana wa miaka milioni moja na nusu hivi. Mimi nilitaka kumtumia Kamoya kama mfano wangu, mnaona, hakuwa na digrii! Kadzo akanikata: "Lakini yeye alichimba mwenyewe." Sikuwa na la kujibu.

Cha tatu, kama unaandikia watu kazi za chuo saa hii, mimi siwezi kukutupia jiwe, najua bei ya unga. Lakini ujue unachouza. Hawanunui Kiingereza chako. Wananunua ule usiku ambao ungekufanya mtu fulani, na wanaondoka nao. Angalau kile unachosoma usikiache kwa faili ya mteja. Mweleze mtu wako. Mpigie hawe wako.

Nilipomaliza, Kadzo alikuwa ananiangalia kama mtu asiyenijua. Nilingoja mathe aanze kuhusu wizi, kuhusu Mungu, kuhusu watoto wa watu. Alikaa kimya kama Hawe alivyokaa kimya siku ile kwa simu. Halafu akasema:

"Kwa hivyo masomo hayakukushinda."

Si swali. Nikasema hapana, mama. Ilikuwa karo.

Akainuka akaenda jikoni. Nikasikia sufuria. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akamwambia Kadzo ajaze hiyo fomu yake ya mifupa, na kwamba pwani bado kuna mapango mengi.

Kadzo ameijaza. Majibu bado. Mimi chuo sijarudi, na sitawadanganya kwamba nina mpango kamili, deni la karo bado liko pale linanisubiri. Lakini Desemba tunaenda Kilifi sote watatu, na Hawe amesema tukifika tumsomee ile habari ya Mtoto yote, tangu mwanzo, kwa Kiswahili. Nimeanza kuiandika. Hii moja jina langu litakuwa juu.

Ile klipu nimeifuta leo asubuhi.